Mgeni Aliyekuja na Chambo cha Baba

Sulphur Gap, Tennessee
Alhamisi, 9 Juni 2011

Dada yangu Imogene,

Kwanza pokea salamu za nyumbani. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba zile ngazi za nyumba yako huko Dayton hazikutesi tena kama ulivyolalamika wakati wa Pasaka. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Kiuno changu kinanihesabia miaka kila ninaposhusha boti majini, lakini bado naishusha mwenyewe. Miche ya nyanya uliyomwachia mke wangu Nadine imeshika yote isipokuwa miwili, ambayo sungura aliimaliza kwa siku moja bila hata kuomba radhi. Mvua ilikuwa nyingi mwezi wa Mei. Kanisa limepata paa jipya, na mchungaji bado anahubiri mpaka maharage yanaungua majikoni kwa watu.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mtu wa kupiga simu. Simu nimeijaribu. Jumatatu jioni niliishika, nikabonyeza tarakimu sita, nikairudisha. Najijua kwa sauti: ningekuuliza habari za goti, ningekuambia samaki wanakula vizuri, halafu ningekata. Karatasi hainipi mlango wa kutorokea. Kwa hiyo nakuomba uketi, usome mpaka chini kabla hujafanya lolote. Na kama mke wa Lonnie Proffitt ameshakupigia, basi nimechelewa, na kuchelewa huko uniongezee kwenye makosa mengine.

Mwaka huu ziwa limepata joto mapema. Alfajiri samaki wa mistari wanapanda kuwafukuza dagaa, na maji ya upande wa ukuta wa bwawa yanachemka kama sufuria. Jua likishavuka mlima wanazama futi arobaini kutafuta baridi, na kuanzia hapo mteja ninayempeleka kuvua hujishikia samaki domokubwa mmoja mmoja chini ya miti iliyoangukia kando, au kambare kama ni mtu wa subira. Wateja ni wengi. Wanatoka Knoxville na hata Atlanta, na kofia mpya na maneno mengi, na kila mara yupo mmoja wa kuniuliza kwa nini mtu anayelijua ziwa kama mimi hapeleki boti kwenye mdomo wa kijito cha Lick mwezi wa Juni, wakati kila mtu anajua mistari wanajaa pale. Huwa nawajibu kwamba pana visiki.

Wewe unajua pana nini. Boti ya mume wako ilikutwa pale, asubuhi ya tarehe saba Juni, mwaka wa themanini na sita, injini ikiwa bado inaunguruma, ikizunguka peke yake ndani ya ukungu kama nyumbu wa kinu, na kofia ya Coy ikiwa juu ya kiti. Unakumbuka kiangazi kile ulivyokuwa ukisimama gatini kila alfajiri na koti lake mabegani. Ulisema unamsikia akikuita, “Gene, Gene,” kutoka majini. Nilikushika mkono nikakuambia ni ndege. Ulisema anaingia jikoni na viatu vilivyolowa. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu kwa kiganja mbele yako, nikakuonyesha kuwa ni kavu. Sikukuambia kwamba kiganja changu kililowa. Mwisho ulihamia Ohio, mtaa usio na maji ya kukuletea sauti ya mtu.

Na mimi, Imogene, yamenipata. Mwaka wa tisini nilinunua ile mashine yenye kioo cha kuonyesha kina na samaki. Juni yake nikapita nayo kwenye mdomo wa Lick. Chini ya kundi la mistari palikuwa na alama ndefu iliyosimama wima, kimo cha mtu, haitikisiki. Nikajiambia ni kisiki. Nikarudi Julai, hakuna kitu. Juni iliyofuata ikawepo tena, na samaki wameizunguka, wameiachia nafasi, kama watu wanavyomwachia nafasi mfiwa. Katika wilaya nzima hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kutoamini kuliko mimi, na sababu hiyo utaikuta chini. Hata hivyo niliiona, na miaka ishirini sikupita tena pale mwezi wa Juni.

Sasa habari ya mgeni. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu msichana anayeitwa Kendra Maples, kutoka Paducah, Kentucky. Alitaka siku moja ya kuvua mistari, Jumatatu tarehe sita, na alinitaja jina kamili, Garland Stooksbury, kama mtu anayesoma kwenye karatasi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa gatini peke yake. Ni msichana wa miaka ishirini na minne, mrefu, na alikuwa na sanduku kuukuu la vifaa vya uvuvi na mfuko wa turubai ambao hakutaka niushike. Nikamuuliza kama amewahi kuvua mistari.

“Mzee,” akasema, “wewe endesha boti. Nikikosa samaki nitasema ni kosa lako.”

Nikacheka. Akafungua sanduku, na kicheko kikanikauka. Juu kabisa palikuwa na chambo cha mti, kichwa chekundu, tumbo jeupe, jicho moja kubwa kuliko lingine. Baba alichonga kimoja tu cha namna ile maishani mwake, akampa Coy siku ya harusi yenu. Wewe mwenyewe ulimwambia sherifu kwamba kilikuwa kwenye sanduku la Coy asubuhi ile. Sanduku halikuonekana. Tulisema limezama naye.

Nikamuuliza amekitoa wapi. Akasema ni cha baba yake, Roy Maples, fundi wa injini za boti za kuvuta matishari mtoni, aliyefariki mwezi wa Februari kwa ugonjwa wa mapafu. Siku zake za mwisho alilitaja ziwa hili, na alinitaja mimi. Je, nilimfahamu? Nikasema hapana. Nikasema wateja ni wengi, majina yanapotea. Niliusema uongo huo kwa wepesi, kama mtu anavyovaa koti lake la kila siku.

Tukaondoka. Ukungu ulikuwa mzito hata pua ya boti sikuiona. Nia yangu ilikuwa kumpeleka upande wa bwawa, lakini tulisikia mistari wakiwapiga dagaa, kishindo kama mawe yanayotupwa majini, na kila nilipogeuza boti kishindo kilikuwa mbele yetu. Kikatuvuta. Nilipouona ule mwamba mweupe nikajua tumefika kwenye mdomo wa Lick. Kabla sijageuza usukani, Kendra alikuwa ameshakirusha chambo cha Baba.

Samaki alikipiga hata roda ya uzi ikalia. Kendra alipambana naye dakika ishirini, mara anamtukana, mara anambembeleza: “Njoo, mpumbavu wangu mzuri, njoo nyumbani.” Maneno hayo wewe unayajua, ni ya Coy. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumsikia akizungumza na samaki hivyo. Samaki huyo alikuwa na ratili ishirini na mbili. Akamshika kwa mikono miwili, akamtazama, akambusu kichwani na kumrudisha majini. Mimi nilitazama kioo cha mashine. Alama ilikuwepo, imesimama moja kwa moja chini yetu.

Ndipo akaufungua mfuko wa turubai, akatoa kopo la kahawa. Akasema ndani yake yumo baba yake. Kabla ya kufa alimwambia binti yake amweke pale ukungu unapokuwa mzito kuliko kwingine, Garland atamwonyesha.

“Sasa niambie, mzee. Ni hapa?”

Nikasema ni hapa. Akayamwaga majivu polepole. Upepo haukuwepo. Yalielea kidogo kama unga, kisha yakashuka, na dagaa wakaja kuyaonja wakayaacha. Nilivua kofia. Kabla sijairudisha kichwani, mtu akaita ndani ya ukungu, mara moja tu: “Gene.”

Kendra aligeuza kichwa. “Umesikia?”

Nikamwambia ni ndege.

Tulirudi saa nne, ukungu umeshaondoka, na Lonnie alikuwa gatini mbele ya duka lake la chambo. Unajua Lonnie hawezi kunong’ona tangu sikio lake la kulia lilipopasuka, siku ya tatu ya kumtafuta Coy, alipopiga mbizi mara moja zaidi kwa sababu wewe ulimwomba. Alimtazama Kendra akipanda gatini. Akakitazama kile chambo kinachoning’inia kwenye ufito wake wa kuvulia.

“Mungu wa mbinguni!” akapaza sauti, na watu wote wakageuka. “Garland, huyu binti ana kidevu cha Coy Ledbetter! Na hicho si chambo cha mzee wenu?”

Kendra akauliza, “Coy ni nani?” Lakini hakumuuliza Lonnie. Aliniuliza mimi, na kwa jinsi alivyoniuliza nikajua kwamba alikuwa akingoja tangu alfajiri.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka ishirini na mitano, lakini iliishia pale, kati ya pipa la barafu na ndoo za dagaa. Niliwaomba wote wawili wakae. Niliyowaambia ndiyo nakuambia wewe, na haki yako ilikuwa kuyasikia kabla yao.

Coy hakuzama.

Mwezi wa Mei mwaka ule alinijia gereji nilikokuwa nikifanya kazi. Akaniambia yupo mwanamke Paducah, ana mimba yake, na ameamua kwenda huko. Nikataka kumpiga. Akaniacha nimshike ukosi, kisha akasema, “Shemeji, nisikilize. Nikimwacha Gene na kuondoka, mji mzima utamcheka mpaka azeeke. Nikifa, watamletea chakula.” Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na niliona ana akili. Nilijua jinsi wanawake wa kanisani walivyomtafuna Opal Hicks mumewe alipomkimbia. Nilidhani mjane anahurumiwa na aliyeachwa anachekwa, na kwamba nakuchagulia lililo bora. Nilikuchagulia bila kukuuliza, Imogene.

Asubuhi ile Coy alishuka kwenye ule mwamba mweupe, akaiacha boti na injini yake ikizunguka. Mimi nilikuwa nikimngoja na pikapu kwenye barabara ya machimbo. Alivaa shati langu. Nilimpeleka kituo cha basi Knoxville, na njia nzima hatukuzungumza ila alipouliza kama nadhani utaliuza lile shamba dogo. Saa sita mchana nilikuwa ziwani na wenzangu, nikikokota nanga chini ya maji kumtafuta mtu niliyempakia kwenye basi. Nililia, na kilio hakikuwa cha uongo, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wako. Siku ya pili nilitaka kusema. Siku ya tatu sikio la Lonnie likapasuka, damu ikamtoka mpaka shingoni, na baada ya hapo sikuona namna ya kusema.

Ningependa barua iishie hapo. Hapo ningekuwa kijana mjinga tu. Lakini Machi iliyofuata Coy aliniandikia, kwa jina lake jipya la Roy Maples. Alisema mtoto amezaliwa, msichana, ana afya, lakini yeye mwenyewe halali. Kila akifumba macho anakuona umesimama gatini na koti lake. Alisema anarudi kukuambia ukweli kwa mdomo wake, halafu wewe uamue, umpokee au umtoe kwa ufagio. Alichoomba kwangu ni nimtangulie, nikuandae.

Nilimjibu kwa kadi ya posta, mstari mmoja. Barua yake nikaitia kwenye jiko la gereji.

Kendra anayo kadi ile. Aliikuta chini ya sanduku la uvuvi baada ya mazishi, na ndiyo iliyomleta, zaidi ya samaki na zaidi ya majivu. Pale gatini aliitoa mfukoni mwa shati, akaniambia, “Isome, mzee. Isome kwa sauti, mzee Lonnie naye asikie.” Nikaisoma mwandiko wangu mwenyewe: *Hapa umeshafanyiwa ibada ya mazishi. Usirudi. G.*

Sikuandika vile kwa ajili yako. Nilikuwa nimeapa mbele ya sherifu, nilikuwa nimelia kifuani kwa Mama, na Nadine alikuwa amekubali tufunge ndoa mwezi wa Mei. Niliogopa. Hakuna neno jingine, na nimelitafuta.

Lonnie aliitazama ile kadi mikononi mwangu. Nilipomsogelea kumwomba radhi alijigeuza juu ya pipa la barafu, akanielekezea sikio la kulia, lile lisilosikia. Kendra aliichukua kadi, akaikunja na kuikunjua. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayejaribu kupiga hesabu ngumu, “Kwa hiyo mimi nilikua na baba kwa sababu wewe ulikuwa mwoga.” Nikasema ndiyo. Akaniuliza, “Na mke wake? Yeye alikuwa na nani?”

Nikageukia maji. Nilimkumbuka Everett Cagle. Unakumbuka alikuja nyumbani kwako mwaka wa tisini na tatu, amevaa tai, kukuposa kwa mara ya pili. Mimi nilikuwa barazani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukimwambia kwamba unampenda, ila huwezi kuolewa wakati mume wako hajazikwa, na kwamba mtu anayekuita kila alfajiri bado ni mume wako. Everett alitoka, akasimama karibu nami, akasema, “Nitashindanaje na mtu aliye chini ya maji, Garland?” Nilikuwa na sahani ya pai yako mapajani. Neno moja tu lingetosha. Nikamwambia akupe muda, nikamaliza pai. Everett alioa Sevierville miaka mitatu baadaye, na sasa naye ni marehemu. Uongo wa kwanza nilikuambia kwa ujinga, wa pili kwa woga. Huu wa tatu sina hata jina la kuupa, na huu ndio unaoniamsha.

Jumatatu mchana nilimwambia Nadine. Alinipakulia chakula, akakiweka mbele yangu, yeye akaenda kula barazani. Salamu zake hajanipa, lakini jana aliniuliza kama nimeshakuandikia. Jumanne nilikwenda kwa sherifu. Ni kijana, wakati ule alikuwa bado mtoto mdogo. Aliandika kurasa mbili, akaniambia nisiondoke wilayani.

Leo alfajiri nilikwenda mdomo wa Lick peke yangu. Nilidhani, kwa kuwa sasa kweli yuko mle, pengine patakuwa pametulia. Ukungu ulikuwepo, mistari walikuwepo, na ile alama ilikuwepo, wima vilevile. Nikazima injini, nikamwita kwa jina. Hapakuwa na jibu. Nikakaa mpaka jua likatoka, na ilipotoweka kwenye kioo sikujua kama ameondoka au amekaa.

Kendra bado yupo hapa. Nyumbani kwangu alikataa kulala, na sikumlaumu. Lonnie ndiye aliyemchukua, na mkewe anamlisha mkate wa mahindi kana kwamba ametoka vitani. Anaondoka Jumapili. Ana mambo mengi anayotaka kukuuliza, na anasema yapo aliyosikia kwa baba yake ambayo huenda wewe ungetaka kuyasikia. Lakini amesema hatabisha mlango wa mtu aliyekwisha kuumizwa hivyo kwa ajili yake bila kuitwa. Namba yake ni hii iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha, kwa mkono wake. Ukiitupa ataelewa.

Limebaki jiwe la kaburi la Coy. Jana jioni nilikwenda makaburini. Nilichukua patasi na nyundo, nikidhani kwamba kwa kuwa kaburi ni tupu na mimi ndiye niliyelifanya tupu, basi kulisahihisha ni kazi yangu. Nikasafisha kuvu. Jina la Coy lipo na tarehe zake mbili, moja ya uongo. Kando yake lipo lako, na tarehe ya kuzaliwa, na mbele yake pamelainishwa kwa ajili ya ile nyingine. Nilisimama pale na patasi mkononi kama mwizi. Nimekuamulia mambo ya maisha yako kwa miaka ishirini na mitano, nikaona hili sitakuamulia. Niambie nilifute jina lake, au lako, au yote mawili, au niliache kama lilivyo. Lolote utakalosema nitalifanya siku ileile, na sitakuuliza sababu.

Wasalimie majirani zako wema wa hapo Dayton. Usiku ukishuka ngazi, shika kile chuma cha pembeni. Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza mimi.

Ni mimi mdogo wako, kama bado waniruhusu kujiita hivyo,

Garland